Mwanao yuko Gredi ya 8 Malindi nawe uko ughaibuni: mambo ya kufuatilia shuleni

Ukiwa Riyadh, Muscat au Minneapolis na mwanao amebaki Malindi katika shule ya serikali, Gredi ya 7 hadi ya 9 ndiyo miaka ya kupiga simu shuleni kuliko yote. Pesa za sare na viatu zinafika, alhamdulillahi. Lakini mtoto wa miaka 13 anahitaji mtu mzima anayejua Jumatatu alikuwa wapi.

Anza na mwalimu wa darasa. Sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, iliyoanza Januari 2023, imewekwa ndani ya shule za msingi, kwa hiyo mwalimu mkuu anasimamia shule nzima, kuanzia watoto wa chekechea, na si rahisi amkumbuke wako kwa jina. Mwalimu wa darasa ndiye mwenye rejista, na ndiye anayemwona mtoto akisinzia. Mwombe mlezi akupatie namba yake, jitambulishe kwa heshima, mkubaliane siku na saa. Mapumziko ya saa nne asubuhi ni wakati mzuri. Riyadh na Malindi saa ni moja, Muscat wametangulia kwa saa moja, London itakuwa saa moja au saa mbili asubuhi kulingana na majira. Aliyeko Minneapolis, kwake ni usiku wa manane. Huyo atume ujumbe wa sauti, mwalimu atajibu akipata nafasi.

Ukimwuliza mwalimu, "Mtoto anaendeleaje?" atakujibu kwamba anaendelea vizuri. Uliza hivi: "Mwezi huu amekosa siku zipi, mwalimu?" Mpwa wangu, ambaye mamake yuko Muscat, alikuwa na alama za kuridhisha, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyeshtuka. Siku niliyokwenda kuuliza, mwalimu alifungua rejista, akapitisha kidole kwenye mstari wa jina lake, na nafasi zilizokosa alama zilikuwa karibu zote chini ya Jumatatu na Jumanne. Kumbe kijana alikuwa anashuka dikoni, mashua za wavuvi zinapotia nanga, alfajiri kubeba samaki, apate hela ya bando.

Mwalimu hakumpiga wala hakumfukuza. Alimpa daftari dogo. Akifika asubuhi, mwalimu wa kipindi cha kwanza anasaini. Jioni nasaini mimi. Ijumaa naupiga picha ukurasa ule na kumtumia mamake. Naye akimpigia mwanawe huanza na siku alizofika, hata zikiwa tatu tu, kisha ndipo wazungumze ya siku alizokosa. Pesa kidogo ya bando ikawa inatoka kwa mama, ikifuata daftari. Huu ni mpango wa gharama ndogo, na mwombe mwalimu wa mwanao aujaribu hata kama hajausikia.

Utoro una gharama nyingine ambayo wazazi waliosomea mfumo wa zamani wa 8-4-4 hawaizoei. Mtihani wa KJSEA wa mwisho wa Gredi ya 9, uliofanywa kwa mara ya kwanza 2025, unabeba asilimia 60 tu ya matokeo. Asilimia 20 inatoka KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, na 20 nyingine inatoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Kazi ya mradi ambayo hakuifanya muhula huu haifidiwi kwa kukesha na vitabu mwezi wa mwisho. Ripoti ikija, tazama somo kwa somo: ameandikiwa kwamba anakaribia matarajio au yuko chini yake katika lipi? Hapo mwulize mwalimu wa somo kama kuna vipindi vya kuwasaidia walioachwa nyuma. Na kama mtoto anakunja uso kusoma ubao, mpelekeni akapimwe macho kwanza.

Upande wa tabia, fimbo imekatazwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mwanafunzi kuadhibiwa kwa mateso ya mwili wala ya akili. Tafadhali usimwambie mwalimu "mchape tu, nimekuruhusu". Ruhusa hiyo huna. Omba mtoto akutane na mwalimu wa ushauri nasaha, na mlezi ajue wamekubaliana nini. Kwetu Kaunti ya Kilifi, iliko Malindi, jambo la kuuliza waziwazi ni muguka, majani ya kulevya yanayotafunwa kama miraa. Mei 2024 kaunti ilijaribu kuupiga marufuku, mahakama ikasimamisha amri hiyo, na vibanda vikaendelea kuuza. Kwa wasichana, akipata ujauzito asiambiwe shule imekwisha: mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unampa nafasi ya kurudi darasani baada ya kujifungua. Naisisitiza hii kwa sababu familia nyingi humficha mtoto nyumbani kwa aibu, na miaka inapita.

Ustadhi wa madrasa naye apewe namba yako. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kujua mtoto amebadilisha marafiki.

Kuhusu pesa: shule ya umma hailipishi ada ya masomo, na serikali imepanga shilingi 15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi, ingawa huchelewa kufika. Chakula cha mchana wazazi huweza kuchangishwa. Lipia kwenye akaunti ya shule na udai risiti, usitume kwa simu ya mtu. Masomo ya ziada ya kulipia wakati wa likizo yamekatazwa kisheria.

Mwisho, andika barua. Taja jina la mlezi, namba ya kitambulisho chake na uhusiano wake na mtoto, useme kwamba ndiye atakayehudhuria mikutano ya wazazi na kupokea ripoti. Nakala moja ikae kwenye faili la mtoto shuleni, nyingine kwa mlezi. Bibi akiwa hawezi kutembea hadi shuleni, ongeza jina la shangazi au mjomba aliye karibu. Mtoto naye afundishwe kupiga 116, simu ya watoto isiyolipishwa nchini Kenya, inayopokelewa usiku na mchana, kwa yale asiyoweza kumwambia mlezi wala wewe.