Kabla hujauza ukulele usizopiga tena

Ukulele (kigitaa kidogo cha nyuzi nne) iliyolala miaka miwili juu ya kabati haiuziki vizuri siku ileile uliyokumbuka kwamba unahitaji pesa yake. Ipe wiki mbili. Anayeiteremsha asubuhi na kuibeba sokoni mchana huiuza kwa bei ya kitu cha watoto, au hurudishiwa Jumatatu na watu wawili wenye sauti kubwa mlangoni. Na hapa Lubumbashi kuna ugumu mwingine: mnunuzi wako mara nyingi ni mpiga gitaa. Anajua akordi, ana vidole vyepesi, anapiga kanisani kila Jumapili, kwa hiyo anadhani ukulele anaijua tayari. Kumbuka hilo katika kila hatua.

Anza na mita ya fundi cherehani. "Ndogo" na "kubwa" hazimwambii mtu kitu. Pima urefu wa uzi unaolia, yaani kuanzia kile kijipande chenye mifereji minne chini ya kichwa hadi ule ukingo mweupe uliochomekwa kwenye shevale, kile kibao cha usoni zinapofungwa nyuzi. Ukipata karibu sentimita 35, hiyo ni soprano. Karibu 38 ni konseti, karibu 43 ni tenori, na kati ya 48 na 51 ni baritoni. Tatu za kwanza hukazwa kwa noti sol-do-mi-la, na kwa kawaida ile sol iko juu, haiko chini kama anavyotegemea mtu wa gitaa. Baritoni hukazwa re-sol-si-mi, sawasawa na nyuzi nne nyembamba za gitaa. Kwa hiyo kama unazo kadhaa na mteja ni wa gitaa, mwonyeshe baritoni kwanza. Hana la kujifunza upya, na hata nyuzi nne za nailoni za gitaa la klasiki zinaifaa. Soprano mpe yule mwenye mtoto, au mwenye subira.

Kusafisha ni kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Basi. Usipake mawese, usipake mafuta ya nywele, usipake dawa ya viatu. Mafuta ya kupikia huchacha ndani ya mbao, na harufu yake mteja ataisikia kabla hajasikia sauti. Vumbi jekundu la kiangazi hukaa kati ya kle (vile vitufe vya kukazia nyuzi) na chini ya nyuzi pale karibu na shevale. Liondoe kwanza kwa brashi laini ya rangi, maana ukilisugua likiwa kavu litachora vanishi. Freti, yaani vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo, zikiwa zimefanya kijani, ni kwa sababu chuma chake kina shaba nyingi, na kwa mji huu sina haja ya kueleza shaba inavyogeuka kijani. Bandika karatasi ya gundi juu ya mbao pande zote mbili za freti, kisha sugua kwa nyuzi za chuma laini kuliko zote, zile zilizoandikwa 0000. Sponji ya sufuria hapana.

Kle zinazoteleza mara nyingi hazijaharibika. Ile skurubu ndogo iliyo mwishoni mwa kitufe imelegea tu. Chukua turnevisi ndogo, zungusha robo, jaribu, ongeza kidogo kama bado. Usikaze mpaka mkono ukatae, plastiki hupasuka.

Nyuzi badilisha, lakini usibadilishe siku ya miadi. Uzi mpya wa nailoni huendelea kurefuka kwa siku kadhaa, na sauti hushuka kila dakika chache. Mteja akikaza, akapiga wimbo mmoja, akasikia imeshuka, atasema kle ni mbovu na atakata bei papo hapo. Weka nyuzi siku tano kabla, moja baada ya nyingine, kaza, vuta kila uzi taratibu kwa kidole katikati, kaza tena. Rudia asubuhi na jioni. Siku ya nne utaona zimetulia.

Hapo ndipo upime ukweli wa chombo. Kaza kwa programu ya simu, noti ya la iwe hetsi 440. Piga uzi ukiwa wazi, kisha ukiwa umebanwa kwenye freti ya 12 ukihesabu kutoka kichwani: iwe noti ileile, oktavo moja juu. Ikizidi sana, kwa kawaida nyuzi ziko juu mno au uzi wenyewe umechakaa. Kimo cha nyuzi juu ya freti pima kwa kadi za benki. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76, hivyo tatu au nne zikipita chini ya uzi pale freti ya 12 bila kuuinua, uko kati ya milimita 2.3 na 3, na hapo ni pazuri. Zikiingia sita, vidole vya mnunuzi vitaumia. Dawa yake ni kuuchomoa ule ukingo mweupe wa shevale na kuusugua upande wa chini kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo. Ukiondoa milimita moja chini, uzi hushuka nusu milimita tu kwenye freti ya 12, kwa sababu freti hiyo iko katikati ya urefu. Wengi hukosea hesabu hiyo wakaondoa kidogo mno, au wakakasirika wakaondoa zote.

Kisha angalia ni mbao gani. Tazama ukingo wa tundu la sauti kwenye mwanga wa dirisha. Mistari ya mti ikiteremka kutoka usoni hadi ndani ya ukingo, ni ubao mzima. Ukiona tabaka kama za mkate uliokatwa, ni kontreplake. Sema ukweli. Kontreplake haina aibu katika hali ya hewa yetu, kwa kuwa ubao mzima ndio unaoteseka kuanzia Mei hadi Septemba. Hewa ikikauka, mbao husinyaa kwa upana, lakini freti ni chuma, hazisinyai, hivyo ncha zake hutokeza. Pitisha kidole pembeni mwa shingo: ukisikia meno ya msumeno, huo ni ukame. Usoni unaweza kupata ufa mwembamba ulionyooka kufuata mistari ya mti. Chukua kisanduku cha sabuni, kitoboe matundu, weka ndani sponji iliyokamuliwa vizuri, kifungie pamoja na ukulele ndani ya mfuko wake kwa siku kadhaa. Sponji isidondoshe tone. Unyevu unaoutaka ni asilimia 45 hadi 55, na meno mengi yatarudi ndani yenyewe. Na usiku wa Juni usiiegemeze karibu na mbabula, yaani jiko la makaa, hata kama nyumba yote inatetemeka.

Sasa shevale, na hapa usiwe na haraka, kwa sababu ugomvi mwingi huanzia hapa. Shevale ni kile kibao kilichobandikwa usoni ambacho nyuzi zote zimefungwa kwake. Chukua ukingo wa karatasi nyembamba, ujaribu kuuingiza chini yake kwa nyuma. Ukigoma kabisa, vizuri. Ukiingia milimita mbili, gundi imeanza kuachia na kazi imebaki ya muda tu. Usitie ile gundi ya haraka ya kwenye vichupa vidogo. Huwa ngumu kama kioo, haijazi nafasi, na fundi wa baadaye atalazimika kuikwangua yote kabla gundi ya mbao haijashika. Njia sahihi ni kuing'oa shevale yote kwa kisu chembamba kilichopashwa moto, kukwangua gundi ya zamani pande zote mbili mpaka mbao ionekane, kupaka gundi nyeupe ya seremala na kuibana saa 24, kibanio kimoja kikipitia tundu la sauti. Huna kibanio? Basi uza ikiwa hivyo, useme, na upunguze bei.

Lakini hata shevale nzima haikulindi na kinachotokea baada ya kuuza. Mambo huenda hivi. Kijana wa korali anainunua, anaifurahia, ila kanisani ngoma zinaifunika. Wiki ya pili uzi mmoja unakatika. Anazunguka sokoni: nyuzi za ukulele hakuna, za gitaa zimejaa. Ananunua nne nyembamba za chuma, anazifunga, anakaza mpaka zifike. Siku ya kwanza sauti inang'aa na kila mtu anamsifu. Siku ya tatu uso wa chombo umetuna nyuma ya shevale na kuzama mbele yake, ukiweka rula unaona mwanga chini. Siku ya tano, mchana, chini ya mabati, "ta!" Shevale imeruka na ganda la mbao limeshikamana nayo. Akija kwako hasemi "nimeweka chuma". Anasema umemuuzia kitu kibovu, na mjomba wake aliyesindikizana naye anakubali.

Sababu si siri. Nyuzi sita za chuma za gitaa la kawaida huvuta kwa pamoja zaidi ya kilo 70, na gitaa limejengwa kwa hilo. Nyuzi nne za nailoni za ukulele kwa kawaida hazifiki kilo 25, na uso wake una unene wa milimita mbili hivi, mara nyingi chini ya hapo. Chombo hiki kilizaliwa Hawaii baada ya maseremala kutoka Madeira kufika Honolulu kwa meli Ravenscrag mwaka 1879, wakati vigitaa vyao vidogo vilifungwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Wembamba huo ndio unaofanya uzi laini usikike. Ukiuvuta kwa chuma, unavunja kilekile kinachotoa sauti.

Kwa hiyo fanya mambo matatu kabla hujapokea pesa. Mwambie kwa mdomo mbele ya mtu: nailoni au florokaboni (plastiki nyingine ya nyuzi) tu, chuma kamwe. Mpe seti moja ya akiba kama matabishi. Itakugharimu kidogo kuliko ugomvi, na inauza chombo kuliko maneno. Kisha andika maneno hayohayo kwenye karatasi ya mauzo: tarehe, saizi, kasoro ulizomwonyesha, "nyuzi za chuma haziruhusiwi", sahihi mbili, kila mmoja abaki na nakala. Akilalamika kwamba sauti ni ndogo, mwelekeze kwenye mikro ya kubandika, ile ya duara inayoshikishwa usoni na kuunganishwa na amplifaya.

Picha piga mchana, nje, kivulini: mbele, nyuma, kichwa, shevale kwa karibu, na kila kovu. Ongeza video fupi ya kila uzi ukiwa wazi kisha kwenye freti ya 12. Wapiga gitaa wataelewa mara moja. Bei iweke kwa dola, ukiacha nafasi ya kupatana, na usianze na bei uliyonunulia wewe. Angalia mpya ya aina hiyo inauzwaje leo. Ikiwa safi na haina ufa, kupata nusu ya hiyo ni jambo jema.

Mkutane mahali pa watu, mchana. Ua la kanisa baada ya mazoezi linafaa kuliko nyumbani, maana ataijaribu mbele ya wenzake na kelele za "hukunionyesha" zitakosa mashahidi. "Niiazime kidogo nikaionyeshe mkubwa wa korali" jibu lake ni moja: mkubwa aje. Noti za dola zifungue moja moja, angalia ukingo wote. Yenye mpasuko hata mdogo wengi mjini wataikataa, na ikishakuwa mfukoni mwako ni yako. Akilipa kwa simu, usiamini ujumbe, hata ulioingia kwenye simu yako. Fungua salio mwenyewe. Ada ya kutoa pesa mkubaliane mapema ni ya nani.

Kwa mnunuzi wa mbali, kama wa Likasi au Kolwezi, legeza nyuzi kidogo kwa kle, usizilegeze kabisa. Weka karatasi zilizokunjwakunjwa chini ya kichwa, kwa sababu kartoni ikianguka, shingo hukatika palepale kichwa kinapoanzia kama chini yake pako wazi. Jaza kila upande mpaka ukitikisa usisikie kitu. Omba basi isiwekwe juu ya paa kwenye jua wala kando ya madumu ya mawese.

Kabla ya kuukabidhi mfuko, fungua kila zipu. Humo hukaa karatasi za zamani, kadi za simu, funguo, picha za watu wasiohusika. Na ikishauzwa, futa tangazo siku hiyohiyo, la sivyo utapigiwa simu hadi Desemba na watu wanaouliza kama ile gitaa ndogo bado ipo, na mmoja wao atataka kujua nyumbani ni wapi.