Kabla hujautia mche ardhini

Ukishaununua mche, usikimbilie jembe. Ukiuweka kivulini na kuunywesha, utakaa kwenye mfuko wake wiki mbili bila neno. Ukiupanda pabaya, hilo halirekebishiki.

Angalia majira kwanza. Hapa Nairobi tuna mvua ndefu za Machi hadi Mei na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Panda mvua ikishashika. Ukipanda Januari, mvua ni wewe, na mitaa yenye mgao wa maji mnajijua.

Tazama juu: nyaya za stima. Tazama chini: bomba la maji taka, shimo la choo, msingi wa ukuta. Fikasi, ule mti wa mapambo wenye mizizi mikali, usiukaribishe ukutani hata ukiwa mdogo kama kidole.

Mfuko utoe wote. Wote! Upasue kwa wembe, na mizizi iliyojizungusha chini uikate. Kama mche umebebeshwa, yaani kikonyo cha mti mmoja kimeungwa juu ya shina la mwingine, lile kovu la maungio shinani lisifukiwe.

Sasa udongo, na hapa nisikilize vizuri. Karen, Kabete na Runda wana udongo mwekundu unaopitisha maji. Sisi wa Embakasi, na wenzetu wa South C, tuna ule mweusi, mzito, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kwenye viatu mvua ikinyesha. Nilinunua avokado aina ya Hass kwenye kitalu cha kando ya barabara, mche mzuri wenye majani yanayong'aa. Nilijua udongo wangu ni mbaya, basi nikafanya kila mtu anachofanya: nikachimba shimo la futi mbili, ule mweusi nikautupa, nikajaza udongo mwekundu wa kununua uliochanganywa na samadi. Nikaona nimemaliza kazi.

Mvua ya Aprili ikaja. Majani yakageuka manjano, kisha yakalegea kama mboga iliyokaa juani. Nikadhani ni kiu. Nikawa kila jioni namwaga ndoo nzima. Wiki ya tatu ulikuwa kijiti.

Mzee jirani alikuja kuniangalia nikiung'oa. Shimo lilikuwa na maji hadi nusu, yananuka kama mtaro, na mizizi ilikuwa myeusi, inabanduka maganda mkononi. Akaniambia, "Mwanangu, huu haukufa kiu. Umeuzamisha." Na ndivyo ilivyokuwa. Udongo mwekundu ulipokea mvua yote, ule mweusi wa pembeni ukakataa kuipitisha, na shimo langu likawa sufuria. Mizizi huhitaji hewa, na avokado hasa ni mwepesi kupata ugonjwa wa kuoza mizizi palipotuama maji. Mti ukizidiwa na maji hulegea vilevile kama mti wenye kiu, kwa hiyo usimwagilie kabla hujachomeka kidole ardhini.

Basi kabla hujapanda, fanya jaribio. Chimba shimo, lijaze maji jioni, asubuhi urudi. Ukikuta maji bado yamo, usipande humo. Inua tuta: lundo la udongo na samadi lenye upana wa mita moja na nusu hivi, kimo cha magoti, uupande mche juu yake ili maji yateremke pembeni. Avokado wangu wa pili yuko juu ya tuta kama hilo na amepita mvua ndefu tatu. Kama kiwanja chako chote hutuamisha maji, achana na avokado kabisa, panda mpera. Huo huvumilia zaidi.

Samadi iwe imeoza, isiwe ya jana kutoka zizini, itaunguza mizizi. Nyasi za kufunika udongo zisiguse shina. Zungushia ua wa miti au waya kama jirani ana mbuzi, na hata kama hana, maana mbuzi wa Nairobi hutembea. Angalia mchwa. Waambie watoto mpira wachezee upande wa pili. Na mafundi wakija kujenga, simama nao, kwa sababu maji ya saruji watayamwaga hapo hapo penye kivuli.