Mwenzako akiogopa mahali pa juu, Shimba Hills

Mkitoka Mombasa kwenda maporomoko ya Sheldrick, ndani ya hifadhi ya Shimba Hills, njia ya miguu hushuka hadi chini yanapoangukia maji, kwa hiyo hakuna haja ya kuchungulia genge. Kazi ipo kwenye mteremko. Tangulia hatua mbili, upande wa bonde, ili macho yake yakute mgongo wako. Macho yakikosa kitu cha karibu cha kujishikiza, mwili huyumba na magoti hulegea. Usimvute mkono, tafadhali! Humpotezea mizani. Akiganda, mkalishe chini, ashushe pumzi polepole, atazame jiwe lililo mbele ya kiatu chake. Na askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) anayewasindikiza aambiwe kabla hamjaanza: mwendo ataupanga mwenzako.