Mambo ya kuzingatia kabla simu yenye programu ya uthibitishaji haijapotea

Kioo cha simu yangu kilizima jioni moja. Simu yenyewe ilikuwa hai bado: ikipigiwa inaita, ikipata ujumbe inatetemeka, ila hakuna kinachoonekana. Sikuhangaika sana, kwa kuwa picha zangu zilikuwa zimehifadhiwa kwingine na laini ningeihamishia kwenye simu nyingine. Nikapata simu hiyo, nikafungua barua pepe, nikaandika nenosiri, likakubaliwa. Kisha ukurasa ukaniomba tarakimu sita. Tarakimu hizo zilikuwa zikibadilika kila nusu dakika kwenye programu ya uthibitishaji, ile inayotoa namba za kuthibitisha kwamba ni wewe unayeingia, ndani ya ile simu ya kioo cheusi iliyolala mezani mbele yangu, nami sikuwa na namna ya kuzisoma. Namba za akiba, zile unazopewa mapema uzitumie badala ya tarakimu sita, nilikuwa nazo pia, lakini nilikuwa nimejitumia kwenye barua pepe ileile niliyoshindwa kuifungua.

Kilichoniokoa ni kompyuta ya zamani ambayo sikuwahi kutoka kwenye akaunti. Niliingia kwenye mipangilio ya usalama, nikaombwa nenosiri tu, nikatengeneza namba mpya za akiba. Ilikuwa bahati. Tangu siku hiyo, kwa kila akaunti ninayoijali, najiuliza: nikibaki mikono mitupu, bila simu hii na bila kompyuta niliyoizoea, nitaanzia wapi? Jibu lake huandaliwa mapema, wakati kila kitu kinafanya kazi, maana siku ya tatizo mlango wa kuandalia unakuwa umeshafungwa.

Tuanze na kuelewa ni nini hasa kinachopotea, kwa sababu wengi hapa hukosea. Tarakimu sita za kwenye programu hazitumwi na kampuni. Siku ulipoelekeza kamera kwenye msimbo wa QR, tovuti iliikabidhi simu yako siri, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu, nayo ikabaki na nakala. Kuanzia hapo pande zote mbili huchukua siri hiyo, zikaichanganya na saa ya wakati huo, na kila baada ya sekunde 30 zinapata jibu moja. Utaratibu huu ulichapishwa mwaka 2011 kama kiwango cha wazi cha intaneti kwa jina la RFC 6238, na ndiyo maana programu za kampuni tofauti hutoa namba zilezile kwa siri ileile. Ndiyo maana pia zinafanya kazi bila intaneti. Na ndiyo maana kurudishiwa laini hakusaidii: siri haikuwa kwenye laini, ilikuwa kwenye kumbukumbu ya simu. Ukisakinisha programu upya kwenye simu mpya bila chelezo, yaani nakala iliyohifadhiwa kwingine, itafunguka ikiwa tupu.

Kuna jambo dogo linalofanana na kupoteza simu lakini silo. Simu unayo, namba unaiona, ila tovuti inaikataa kila mara. Kabla ya kukata tamaa, angalia saa. Saa ya simu ikipishana na saa halisi kwa dakika kadhaa, namba hazitakubalika. Iweke ijirekebishe yenyewe kupitia mtandao, kisha ujaribu tena.

Sasa namba za akiba, ambazo tovuti nyingine huziita misimbo mbadala. Google hutoa 10, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja tu. GitHub, tovuti ya watengenezaji wa programu, hutoa 16. Ukitengeneza orodha mpya, ya zamani inakufa hapohapo, hivyo karatasi ya mwaka juzi inaweza kuwa haina thamani tena. Kwa maoni yangu hizi ndizo kinga bora kuliko zote, na ndizo zinazodharauliwa zaidi. Ukurasa unakuuliza kama umezihifadhi, unabonyeza ndiyo ili uendelee na shughuli zako, na hujahifadhi kitu. Zichapishe au ziandike kwa mkono. Juu ya karatasi andika akaunti ni ipi na tarehe uliyozitoa. Iweke pale unapoweka vyeti na hati zako, mbali na mahali ulipoandika nenosiri, kwa sababu atakayepata vyote viwili pamoja amepata akaunti nzima. Nakala ya pili mpe mtu unayemwamini, ndani ya bahasha iliyofungwa, na umweleze ni kitu gani ili asije akaitupa siku anasafisha kabati. Ukitumia namba moja, ikate kwa kalamu.

Mahali pa kuziepusha ni palepale penye urahisi: ndani ya barua pepe inayolindwa na namba hizohizo, kwenye picha ya skrini iliyo kwenye simu, au kwenye hifadhi ya mtandaoni inayofunguliwa na akaunti ileile. Zikikaa huko, siku simu inapopotea nazo zinapotea.

Njia ya pili ni kuiweka siri yenyewe kwenye vifaa viwili. Watu wachache wanajua kwamba msimbo mmoja wa QR unaweza kusomwa na simu mbili kabla hujabonyeza kitufe cha kumaliza, na zote mbili zitaonyesha namba zilezile daima. Simu ya zamani au kishikwambi kilichoachwa kabatini kinatosha kabisa kwa kazi hii, mradi ukichaji mara moja moja na kukifunga kwa namba ya siri. Tovuti nyingi pia zina kiungo kidogo chini ya msimbo, kwa ajili ya wasioweza kuusoma kwa kamera. Ukikibonyeza, utaiona siri ikiwa imeandikwa kwa herufi, nawe unaweza kuinakili kwenye karatasi. Hapa nasisitiza sana: picha ya msimbo huo ndiyo siri yenyewe. Namba ya akiba ikitumika mara moja imekwisha, lakini mwenye picha ya QR anaweza kutengeneza namba zako leo, kesho na mwakani, mpaka utakapoufuta uthibitishaji na kuanza upya. Usiipige picha ikabaki kwenye simu, na usimtumie mtu kwa ujumbe.

Programu zenyewe nazo zina chelezo, ila usichukulie kwamba yako imewashwa. Google Authenticator ilianza kuhifadhi namba kwenye akaunti ya Google mwezi Aprili 2023. Kabla ya hapo zilikaa ndani ya simu peke yake, na hata sasa unaweza kuitumia bila akaunti bila kutambua. Ifungue, angalia juu kama jina la akaunti yako lipo. Microsoft Authenticator ina chelezo, lakini iliyotengenezwa kwenye iPhone hairudishwi kwenye simu ya Android, wala ya Android kwenye iPhone. Mtu anayebadili aina ya simu anapaswa kulijua hilo kabla ya kuachana na ya kwanza. Aegis, programu nyingine ya aina hii ya Android, hukupa faili lililofungwa kwa nenosiri, nawe unalihifadhi unapotaka. Faili hilo bila nenosiri lake halina faida, kwa hiyo nenosiri nalo liandikwe mahali. Halafu kuna jambo la Authy, nayo programu ya uthibitishaji: kulikuwa na toleo la kompyuta ambalo watu walilitegemea kama kifaa chao cha pili, na mwezi Machi 2024 likasitishwa. Usiweke tegemeo lako lote kwenye programu moja ya kampuni moja.

Na hapa tunarudi kwenye kosa langu. Kama namba za akaunti yako ya Google zimo kwenye programu ambayo chelezo yake iko ndani ya akaunti hiyohiyo, umefungia ufunguo ndani ya nyumba. Vivyo hivyo programu ya kutunza manenosiri inayodai tarakimu sita zilizomo kwenye simu iliyopotea. Chukua karatasi, andika akaunti zako kubwa, na chini ya kila moja uandike inafunguliwa na nini. Mistari ikizunguka na kurudi ilikotoka, hapo pana shida, na lazima angalau kitu kimoja kwenye mzunguko huo kiwe nje ya vifaa: karatasi, au ufunguo wa usalama unaoshikika mkononi, yaani kifaa kidogo unachokichomeka kwenye kompyuta au simu kuthibitisha kwamba ni wewe. Anza na barua pepe, kwa kuwa akaunti nyingine nyingi hurejeshwa kupitia kwake. Fuatisha programu ya manenosiri, kisha zenye pesa. Zilizobaki zinaweza kusubiri wikendi nyingine.

Ukiamua kutumia ufunguo wa usalama, nunua viwili na uvisajili siku hiyohiyo. Kimoja peke yake ni kitu kingine tu cha kupoteza.

Namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti zinastahili kukaguliwa pia. Laini uliyoiacha muda mrefu inaweza kugawiwa mtu mwingine na kampuni ya simu, na barua pepe uliyoiweka enzi za shule huenda hukumbuki hata nenosiri lake. Kuhusu SMS, watu hubishana sana. Ni kweli matapeli huweza kuhamishia laini ya mtu kwenye kadi yao na kupokea namba zake, na mwongozo wa mwaka 2017 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uliiweka njia hiyo kati ya zile za kutumiwa kwa tahadhari. Mimi kwenye barua pepe kuu nimeiondoa, kwa sababu nina karatasi na ufunguo. Kwenye akaunti ndogondogo nimeiacha. Kwa asiye na njia nyingine yoyote, SMS ni bora kuliko kutokuwa na kitu.

Huenda unafikiri kwamba ikishindikana kabisa utawaandikia huduma kwa wateja. Soma kwanza wanachosema wenyewe. GitHub wameandika wazi kwamba aliyepoteza uthibitishaji pamoja na njia zote za kurejesha hawatamrudishia akaunti. Kwa Microsoft, ukibadilisha taarifa zote za usalama kwa mpigo unasubiri siku 30. Google hushauri ujaribu kuirejesha ukiwa kwenye kifaa na mahali unapoingilia kila siku, hivyo ile kompyuta ya nyumbani iliyo ndani ya akaunti ina thamani kubwa. Usitoke kwenye akaunti humo bila sababu, na usiifute kwa haraka. Kampuni hazifanyi hivi kwa ukatili. Mlango wanaoweza kukufungulia wewe kwa maneno matupu, mwizi naye angefunguliwa. Pia jihadhari na wanaojitokeza kuahidi kurejesha akaunti kwa malipo. Namba ya akiba haihitajiwi na mfanyakazi yeyote wa kampuni yoyote.

Mara nyingi simu haiibiwi wala kuharibika. Mtu ananunua mpya, anafuta ya zamani ili aiuze, ndipo anakumbuka. Simu ya zamani isifutwe mpaka umeingia kwenye kila akaunti, moja baada ya nyingine, kwa namba zilizotoka kwenye simu mpya. Kuziona zimeorodheshwa hakutoshi, ingia kabisa.

Mwisho, fanya jaribio. Zima simu, ipeleke chumba kingine. Kwenye kompyuta fungua dirisha la faragha la kivinjari, lile lisilokumbuka kwamba umeshaingia, andika nenosiri, chagua njia nyingine ya kuthibitisha, kisha utumie namba moja kutoka kwenye karatasi. Inachukua dakika tano, na utapoteza namba moja tu. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, namba niliyoichagua ilikataliwa mara mbili. Nikaisogeza karatasi kwenye mwanga: tarakimu ya tatu ilikuwa 1 niliyoiandika kwa haraka, na sasa nilikuwa naisoma kama 7. Nilitengeneza orodha mpya jioni hiyo, nikaiandika yote upya polepole, kila 7 nikaikata kimstari katikati.