SOMO: Kusi na Kaskazi kwa boksi na msumari

Kila upepo ukigeuka naulizwa lile lile: "Mwalimu, kwa nini?" Nafundisha jiografia tuisheni Mbagala na sauti imeniisha. Naandika mara moja.

1. Upepo huitwa kwa unakotoka. Kaskazi hutoka kaskazini. Basi.

2. Hewa ya moto hupanda, ya jirani huja kujaza nafasi.

3. Dunia imeinama nyuzi 23.5. Juni jua la utosi liko upande wa kaskazini, bara la Asia linachemka na hewa inavutwa huko: ndiyo Kusi, takriban Mei hadi Septemba. Desemba Asia imepoa, hewa yake nzito inateremka kuja kwetu: ndiyo Kaskazi, hadi Machi.

4. Hapa ndipo nilipoaibika. Kata duara la boksi, ligongomee ubaoni kwa msumari katikati, liweze kuzunguka. Katikati ni Ncha ya Kusini, ukingo ni Ikweta. Mwenzako azungushe taratibu. Wewe shika rula isicheze, piga mstari kutoka katikati hadi ukingoni. Mkono umekwenda sawa, mstari umepinda! Upepo nao hupinda hivyo, kwa kuwa Dunia inazunguka chini yake. Sasa ANGALIA: Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na Dunia ukiitazama kutoka juu ya Ncha ya Kusini inazunguka kama mishale ya saa. Mimi nilizungusha kinyume. Mstari ukapindia kulia, darasa zima likaandika Kusi inatoka kusini-magharibi. Mtoto wa mvuvi akanyoosha mkono: "Mbona baba anasema inatoka baharini?" Nikafuta ubao kimya kimya. Mstari wako usipopinda kushoto, usiendelee. Rudia.

5. Pepo za pande mbili hukutana kwenye ukanda wa mvua. Ukipita kwetu kwenda kaskazini ni masika, ukirudi, vuli.

MASWALI

Kijana wa Tandika: Kwa hiyo Kaskazi inavuma kwenda kaskazini?
— Hatua ya 1. Fupi kuliko zote.

Fundi Bomba: Ndiyo maana maji ya sinki huzungukia upande mmoja huku kwetu?
— Hapana. Sinki ni dogo mno. Umbo lake na ulivyomimina maji ndivyo vinavyoamua. Upepo husafiri maelfu ya kilomita. Na usiniletee video.

Binti Pwani: Shikamoo mwalimu. Kusi ikivuka Ikweta inaendelea kupinda kushoto?
— Marahaba binti, swali zuri hilo. Ng'ambo ya Ikweta hupinda kulia. Inageuka kuwa upepo wa kusini-magharibi, inapita pwani ya Somalia na kupeleka mvua India. Majahazi ya Uarabuni na India yalikuja kwetu na Kaskazi, yakarudi na Kusi. Jaribu: katikati ya boksi iite Ncha ya Kaskazini, zungusha kinyume cha saa, uone.

Binti Pwani: Nimejaribu na mdogo wangu, kweli! Imeharibika boksi la viatu vya mama tu.

Kijana wa Tandika: Nina safari ya Unguja Julai. Boti itayumba?
— Julai Kusi ina nguvu. Kaa chini, katikati kuelekea nyuma.

Binti Pwani: Na tafuna tangawizi, usichezee simu.

Kijana wa Tandika: Nyuma ni upande wa kusini?
— Nyuma ya boti, kijana.