Kuizoesha injini mpya ya pikipiki na kujua pa kubadilisha gia kwenye vilima vya Mwanza

Ukitoa pikipiki dukani, kila atakayekuona atakwambia uiendeshe polepole. Ni nusu tu ya ukweli. Injini mpya huumizwa zaidi na joto, na mzigo uliobebwa kwa gia isiyofaa, na mwendo wa aina moja usiobadilika. Nazungumzia pikipiki za kazi za cc 125 hadi 150, zinazopozwa kwa upepo, hizi zilizojaa vijiweni kuanzia Kirumba hadi Igoma.

Ukuta wa silinda mpya umechorwa michirizi midogo kwa makusudi. Ringi za pistoni zinasagana na michirizi hiyo hadi zikae sawasawa. Ukivuta mafuta, nguvu ya mlipuko inazisukuma ringi zibane ukuta. Ukiachia mafuta ukiwa bado kwenye gia, silinda inanyonya oili kidogo kutoka chini, nayo inaosha unga wa chuma na kupoza ukuta. Injini inahitaji yote mawili, kwa kupokezana. Ikidekezwa mno, michirizi inafunikwa na utando unaong'aa kabla ringi hazijakaa, na baadaye utaona moshi wa bluu na oili ikipungua kila wiki.

Hatua ya 1: kabla ya kuwasha. Pima oili mwenyewe, pikipiki ikiwa imesimama wima. Usimwamini aliyekuuzia tu. Kisha iwashe na uondoke taratibu baada ya dakika moja hivi. Kuiacha ikiunguruma pale pale kwa nusu saa "ipate moto" ni kuipasha bila upepo.

Hatua ya 2: kilomita 100 za kwanza. Tembea peke yako. Najua ukiwa na pikipiki ya mkataba hesabu ya kumpelekea bosi inadai tangu siku ya kwanza, lakini kama kuna asubuhi moja unayoweza kuiomba kwa bosi, iombe hii. Barabara ya Musoma kutoka Buzuruga hadi Kisesa inafaa sana, kwa kuwa msongamano wake unakulazimisha kubadilisha mwendo. Vuta mafuta hadi nusu, achia, vuta tena. Usizidi mwendo ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki.

Wanaoelekea Sengerema na Geita wawe waangalifu zaidi. Zamani kusubiri kivuko Kigongo kuliipa injini muda wa kupoa. Tangu daraja lilipofunguliwa Juni 2025, unaweza kutoka Usagara na kuvuka ziwa bila kuweka mguu chini, mkono ukiwa umeganda palepale kwenye mafuta. Simama mwenyewe, zima, ipoe.

Hatua ya 3: gia. Hapa ndipo injini nyingi zinapofia. Dereva anasikia resi, yaani injini ikizunguka kwa kasi, anadhani anaua injini, anakimbilia gia kubwa. Injini inaanza kutetemeka na kugonga, huku oili ikishindwa kutenganisha vyuma vizuri kwa sababu mzigo ni mkubwa na mzunguko ni mdogo.

Kipimo changu ni hiki: ukishabadilisha gia, vuta mafuta kidogo. Pikipiki ikiitika papo hapo, ulipandisha wakati wake. Ikigugumia, uliwahi; rudi chini. Kama dashibodi ina mshale wa resi, kipindi hiki cheza kati ya mizunguko 3,000 na 5,500 kwa dakika. Kama haina, tazama kwenye spidi. Pikipiki nyingi za kazi zina alama za mwendo wa kila gia.

Tena, mapengo ya gia hayalingani. Ukitoka ya kwanza kwenda ya pili, resi kwa kawaida zinaanguka kwa karibu theluthi moja au zaidi. Ukitoka ya tatu kwenda ya nne zinaanguka kama robo au pungufu. Kwa hiyo gia ya kwanza iache ivute kidogo zaidi kabla ya kupandisha, hasa mlimani.

Kwenye mlima wa Isamilo au Bugando, shusha gia kabla mlima haujaanza, mwendo ukiwa bado upo. Usipandishe katikati ya mlima: muda ule umebana klachi pikipiki inapoteza mwendo, na gia inayofuata inaipokea injini ikiwa imechoka. Abiria mmoja, tafadhali. Mishikaki kwenye injini ya wiki ya kwanza ni dhuluma. Wakati wa kuteremka baki kwenye gia, achia mafuta, acha injini ijioshe.

Hatua ya 4: mwaga oili mapema. Vitabu vingi vinataja kati ya kilomita 500 na 1,000 za mwanzo. Mimi siku zote namwambia mteja amwage kwenye 500. Ipokee kwenye beseni safi, uigeuze juani: ule unga unaometa ndio uliokuwa ukizunguka kwenye beringi. Weka oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki, ambayo inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, itaanza kuteleza.

Siku hiyo hiyo fundi apime tapeti (nafasi za vali) injini ikiwa baridi, akaze cheni, ambayo ikiwa mpya hulegea haraka, na akague nati za injini. Kuanzia hapo ongeza mzigo na mwendo kidogo kidogo hadi kilomita 1,000, ukikagua oili kila asubuhi kabla ya kuwasha.