Somo: Mkojo unaovuja, kila mtu na mpango wake

Kabla ya kununua pedi, jua unavuja namna gani. Siku 3 andika daftarini: saa uliyokunywa, saa uliyokojoa, na ulikuwa ukifanya nini ulipolowa. Ukilowa ukikohoa au kunyanyua ndoo, misuli ya chini ya nyonga imelegea. Haja ikikushika ghafla usifike chooni, kibofu kinajibana kabla ya wakati. Matone yasiyokatika huku tumbo la chini limejaa, kibofu hakimalizi. Kwa wanaume mara nyingi ni tezi dume, nenda hospitali. Mama anayevuja mfululizo tangu uchungu uliochukua muda mrefu huenda ana fistula. Inatibika kwa upasuaji, hata hapa hospitali ya Bugando, Mwanza.

Hatua ya 1: usijinyime maji. Hili ndilo kosa kubwa. Mkojo mzito hukera kibofu, na choo kigumu hukikandamiza. Kunywa lita 1.5 hadi 2 kwa siku, punguza chai ya rangi, kahawa na soda.

Hatua ya 2: kubana misuli ya chini ya nyonga. Bana kama unazuia ushuzi usitoke, vuta juu, hesabu 5, achia, pumzika hesabu 5. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi 3. Tumbo na makalio yalegee. Ukizuia pumzi unasukuma chini badala ya kuvuta juu. Unayebeba tenga la dagaa pale Mwaloni, bana kwanza, kisha nyanyua huku ukitoa pumzi.

Hatua ya 3, kwa wenye haja ya ghafla: kama unakwenda kila saa, wiki hii ngoja saa moja na dakika 15. Kila wiki ongeza dakika 15 mpaka uweze kukaa saa 3 bila kwenda. Haja ikija usikimbie. Simama, bana upesi upesi mara 5, ikitulia ndipo utembee.

Pedi za hedhi hazifai sana, mkojo huja kwa kasi zikafurika. Tafuta za mkojo, au shona taulo la pamba tabaka 3. Badilisha ikilowa, nawa, paka mafuta kidogo tu. Yakizidi, pedi hainyonyi.

Maswali ya wanachama

*Nikienda Nansio kwa meli huwa sinywi kitu tangu jana yake. Nafanya sawa?*
Hapana, dada. Kunywa maji kama kawaida, chai isubiri ufike. Kojoa kabla ya kupanda, kaa karibu na choo, beba pedi 2, kanga ya rangi nzito na mfuko wa kufunga.

*Shikamoo. Mama analowa usiku, na choo kiko nje.*
Marahaba mwanangu. Mwekee ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda, na taa. Kinywaji cha mwisho kiwe saa 2 kabla ya kulala. Miguu ikivimba, alasiri ailaze juu ya mto kwa saa moja. La sivyo maji yale yatashuka kibofuni usiku. Kama anatumia vidonge vya presha vya kukojosha, muulize daktari saa ya kuvinywa. Usimwachishe mwenyewe.

*Mume wangu analima majaruba Misungwi. Haja haikatiki, na mkojo unamalizia na damu.*
Acheni habari ya pedi kwanza, akapimwe. Huenda ni kichocho cha mkojo, na dawa yake ipo, prazikwanteli. Lakini damu ina sababu nyingine pia. Sampuli atoe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai ya kichocho hutoka kwa wingi muda huo, na awape matone ya mwisho kabisa ya mkojo.